Mwalimu Sidonie na Wakulima wa Amerika

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, kutoka Kilibula hadi tambarare ya Ruzizi, pumzisheni mikono kidogo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Sidonie Irambona. Ametutoka Jumanne iliyopita, hapa Uvira, akiwa na miaka sabini na mmoja. Alifundisha historia. Maisha yake yote, historia.

Vita vya mwaka wa tisini na nane vilipofunga shule, Mwalimu Sidonie alirudi kwao Katogota, kwa mdogo wake Consolate. Mpunga ulikuwa umekomaa, lakini kamio, lori la kubebea mavuno, iliyofika kijijini ilikuwa moja tu. Mwenye kamio hiyo alikuwa na ruhusa ya watu wenye bunduki, kwa hiyo bei alipanga yeye. Hata beseni la kupimia lilikuwa lake, na kitako chake kilikuwa kimegongwa nyundo ili limeze zaidi.

Alasiri moja, kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, Mwalimu Sidonie aliwasimulia akina mama habari za wakulima wa Amerika, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Walilima ngano na pamba, na bei ikawa inashuka mwaka hadi mwaka. Njia ya kufikisha mavuno sokoni ilikuwa moja, reli, na wenye reli walitoza walivyotaka. Wakulima wale wakaungana. Wakajenga maghala yao. Wakaunda hata chama cha siasa, wakidai matajiri walipe kodi kwa kipato chao, na maseneta wachaguliwe na raia wenyewe.

Akina mama hawakuamini. Maskini, Amerika? Kisha Apollinarie, mjane aliyekuwa mkubwa wao, akauliza: "Na balishinda?"

Consolate anasema alimwomba Mungu dada yake ajibu ndiyo.

"Balishindwa, mama," alisema Mwalimu. "Mu uchaguzi wa mwaka elfu moja mia nane tisini na sita, balishindwa. Chama yao ikakufa. Lakini kisha miaka kumi na saba, ile kodi na ile kura ikaandikwa mu sheria. Bengine ndio baliiandika."

Apollinarie aligeuza mpunga wake kwa mguu, halafu akasema: "Basi na siye tujaribu kushindwa vile."

Kamio iliondoka tupu. Siku ya tatu yake, akina mama hamsini na wanane walijitwika mpunga wakashika barabara ya Uvira. Hamsini na wanane, wasikilizaji, kwa miguu, mwendo wa siku mbili.

Walisimamishwa kwenye barieri, kizuizi cha barabarani cha watu wenye bunduki. Komanda aliuliza ni nani anayewafundisha siasa. Consolate anatuambia: "Minye niliona yaya, dada yangu, anatua muzigo yake chini, polepole, asimwange hata punje moja. Akasema, ni minye. Hawa muwaache bapite."

Wakaachwa wapite. Mwalimu Sidonie akabaki.

Apollinarie aliuchukua mzigo ule, akaubeba juu ya wake mwenyewe hadi sokoni Uvira.

Mwalimu alizuiliwa siku kumi na moja. Alipofika nyumbani, sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa makofi. Consolate alilia. Mwalimu akageuza upande wa kulia ili asikie vizuri, akauliza swali moja tu: "Mupunga ulifika?"

Ulifika. Na msimu uliofuata, mwenye kamio alikuja bila beseni lake, akawauliza akina mama wanataka bei gani.

Shule zilipofunguliwa, Mwalimu Sidonie alirudi darasani. Alifundisha miaka kumi na saba mingine kwa sikio moja. Waliosoma kwake wanasema hakuwahi kuwasimulia habari za barieri ile. Wengi wamezisikia mazikoni, wakabaki wameshika vichwa.

Kwako Consolate, kwa familia yote, kwa wanafunzi wake na akina mama wa Katogota, tunawapa pole. Mungu ampokee.

Nawe unayetusikiliza, leo kabla hujazima redio, mtazame aliye karibu nawe. Mtu mzima yule mpole, anayeinamisha kichwa upande mmoja unapomsemesha. Umewahi kumuuliza alipitia nini? Muulize angali hai.