Hiram Waithaka na Karatasi ya Ukaguzi

Nani hapa anajua mtu anatakiwa kufanya nini ili aitwe mhasibu mwenye leseni? Tangu Jumapili tumewasikia wengi wakisema kwamba marehemu "alikuwa mtu wa hesabu", kana kwamba alizaliwa nazo, kama vile mwingine anavyozaliwa na mwanya, na familia imeona si vizuri kumzika kwa sifa nyepesi namna hiyo, kwa hivyo mtatuvumilia, historia hii ni ndefu kidogo, na wale waliokuja kwa ajili ya chai, chai yenyewe bado haijachemka.

Marehemu Hiram Waithaka wa Ndung'u alizaliwa tarehe 14 Machi 1921, katika shamba la mlowezi mmoja karibu na Longonot, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ndung'u, aliyekuwa mkamuaji wa ng'ombe wa shamba hilo, na wa Mama Wariara, ambaye tuko naye hapa. Mwaka wa 1930 alianza masomo katika shule ya shamba, ambayo ilikuwa zizi kuukuu la ndama lililopakwa chokaa, akaendelea katika shule ya misheni, na mwezi wa Novemba 1938 akamaliza darasa la nane, na hapo ndipo shule za mtoto wa mkamuaji zilipokuwa zikiishia, hata akiwa na kichwa cha namna gani.

Mwaka wa 1941 aliingia jeshini, akawa karani wa mishahara katika kambi ya Gilgil hadi Aprili 1946, na huko ndiko alikoshikwa na jambo ambalo halikumwachilia tena. Kila mwisho wa mwezi Hiram aliandaa hesabu za kambi nzima, kisha akaja afisa mmoja, mhasibu mwenye leseni kutoka Uingereza, akatia sahihi chini yake bila hata kuketi, na kuanzia hapo hesabu zikaaminika. Siku moja Hiram alimuuliza, je, yeye mwenyewe akitia sahihi, zitaaminika?

"Mpaka uwe na leseni," afisa akasema.

"Inapatikana wapi?"

"London," afisa akajibu, akacheka sana, na Hiram hakucheka, aliuliza anwani.

Anwani ilikuwa ya chama kimoja cha wahasibu, na chama kilijibu kwa posta kwamba masharti ni matatu. Kwanza, mtu awe na cheti cha sekondari, na Hiram alikuwa na darasa la nane. Pili, apasi mtihani wa kati, kisha ule wa mwisho wenye karatasi nne, na hizo nne zipasiwe zote kwa pamoja, ukianguka moja umeanguka zote. Tatu, afanye kazi miaka mitano chini ya mhasibu mwenye leseni, naye huyo mhasibu akubali kumtilia sahihi, na katika Nakuru ya siku zile wenye leseni hawakuzidi vidole vya mkono mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatafuta Mwafrika wa kumfundisha.

Mmoja wao, Bwana Menezes, Mgoa mwenye ofisi nyuma ya stesheni, alimpokea tarehe 2 Februari 1948 kama karani wa barua. Alimtazama juu hadi chini akamuuliza, "Wewe unataka nini hasa kwangu?" na Hiram akamjibu, "Sahihi yako kwa miaka mitano, Bwana, baada ya hapo sitaihitaji tena." Bwana Menezes, ambaye ameketi pale mstari wa pili, anasema hakuwa amewahi kutukanwa kwa heshima namna ile, na ndiyo sababu alimwandika.

Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 6 Desemba 1947, marehemu alikuwa amefunga ndoa takatifu na Nyakio binti Mburu, hapa mjini Nakuru, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ndung'u mwaka wa 1948, Wariara mwaka wa 1950 na Mburu mwaka wa 1954. Wakati huo wote alikuwa anasoma kwa posta. Cheti cha sekondari alikipata mwaka wa 1949, na mtihani wa kati aliupasi mwezi wa Juni 1952, baada ya kwenda Nairobi kwa gari moshi akiwa amevaa koti la shemeji yake, ambalo halijarudishwa hadi leo.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo marehemu alichukuliwa na askari njiani akitoka kazini, akawekwa katika kambi ya uchunguzi hadi Machi 1953, bila kushtakiwa kwa lolote. Alipotoka, chama cha London kiliandika kwamba miaka ya kazi haitakiwi kukatika, na kwa kuwa yake imekatika, atafanya miwili zaidi. Wengine wangechana barua hiyo. Hiram alimsomea mkewe, akasema, "Haya, tuanze," na miaka hiyo miwili akaifanya mpaka ikaisha, mwezi wa Machi 1955, Bwana Menezes akatia sahihi. Sharti lililobaki likawa moja tu, zile karatasi nne.

Sasa ni lazima tumtaje Mwalimu Kinyanjui, ambaye nyote mnamjua, mzee wa kanisa letu na mwalimu wa miaka mingi. Katika siku zile Mkikuyu hakuweza kuishi mjini bila kipande, yaani hati ya ruhusa, chenye shahidi wa kuaminika, na shahidi wa Hiram alikuwa Mwalimu Kinyanjui, jambo ambalo familia inalikumbuka kwa shukrani. Marehemu aliponyimwa kibali cha kwenda Nairobi kufanya mtihani, London ilikubali aufanyie hapa hapa. Karatasi tatu za kwanza zilisimamiwa na Mzungu mmoja wa idara ya elimu, naye akaitwa safarini, kwa hivyo karatasi ya nne, ya ukaguzi wa hesabu, siku ya Jumatano tarehe 5 Desemba 1956, ikaachiwa Mwalimu.

Saa mbili asubuhi bahasha ilifunguliwa, na kwa kanuni za mtihani masaa matatu yakaanza kuhesabiwa hapo hapo. Hiram alikuwa ameshika kalamu. Mwalimu akasema, "Hatuanzi jambo bila Mungu. Simama tuombe."

Akasimama. Mwalimu aliombea Malkia na serikali yake, akaombea mahindi ya Njoro, wajane, wagonjwa, reli na wanaosafiri nayo, akaombea waliofungwa, hao kwa sauti ya chini, kisha waliowafunga, kwa sauti ya juu. Hiram alisema "Amina" mara mbili kwa nguvu, akitumaini, na mara zote mbili Mwalimu akaipokea kama kitia moyo. Yalipoisha maombi ukaanza wimbo, beti zote, watu wakiwa wawili darasani. Marehemu alisimulia nyumbani kwamba alifunga jicho moja kwa ajili ya Mungu na kwa lile jingine akawa anasoma swali la kwanza.

Mtauliza, mbona hakusema? Hakuna aliyelelewa hapa ambaye angemkatiza mzee akiwa anaomba, na hata kama angekuwepo wa kuthubutu, asingekuwa mtu ambaye kipande chake kilisimama juu ya neno la mzee huyo.

Saa tano kamili, Mwalimu akashika karatasi, swali la mwisho likiwa halijaguswa.

"Mwalimu, maombi yamekula muda wangu."

"Hiram, wakati wa Mungu hauhesabiwi."

"Na huu wa London?"

"Weka kalamu chini," Mwalimu akasema, kisha akajaza mahali pa msimamizi kwamba mtahiniwa amepewa muda wake wote.

Majibu yalifika mwezi wa Machi 1957. Marehemu alipasi karatasi tatu, ya ukaguzi akaikosa kwa alama chache, na kwa sheria ile mnayoijua akawa ameanguka zote nne. Hazijapita wiki mbili, ikasikika kanisani na sokoni kwamba Hiram alisinzia ndani ya mtihani, na kwamba kichwa cha karani kina kimo chake. Mkewe, Mama Ndung'u, alirudi nyumbani siku moja akiwa ametupa kitambaa begani kwa hasira.

"Baba Ndung'u, nenda ukaseme! Ama niende mimi?"

"Niseme maombi ndiyo yaliniangusha? Kesho nitaitwa mpagani. Na kipande changu, kina neno la nani?"

Mama Ndung'u akavua kile kitambaa begani, akaketi, na si mtu wa kuketi akiwa na hasira, ninyi mashahidi. Marehemu akafungua tena kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza, na asije mtu hapa akasema alikuwa mpole. Hakuwa mpole, alikuwa na shughuli.

Mwezi wa Agosti 1957 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na madaktari wakagundua kwamba moyo wake umepanuka. Desemba ya mwaka huo, wenzake wakifanya mtihani, yeye alikuwa kitandani hospitalini, na mwaka mwingine ukapita. Daktari alimkataza masomo, akakubali kwa mdomo. Desemba 1958 alijiandikisha tena, safari ya Nairobi ikiwa sasa imekatazwa na moyo badala ya serikali, na msimamizi aliyepatikana, kwa karatasi zote nne, akawa ni yule yule Mwalimu Kinyanjui.

Asubuhi ya karatasi ya kwanza, kuku wakiwa bado ndani, marehemu alibisha hodi nyumbani kwa Mwalimu.

"Hiram? Kuna msiba?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimekuja tuombe."

"Mapema hivi?"

"Leo nina haja nyingi. Tuombe mpaka uishiwe."

Wakapiga magoti pale sebuleni, na kila Mwalimu aliposema "Amina", Hiram alimkumbusha, "Na reli, Mwalimu, hujaitaja reli," mpaka sauti ikamkauka Mwalimu. Saa mbili ilipofika, Mwalimu alifungua bahasha bila kusema neno, na hakumtazama Hiram usoni asubuhi yote. Siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo. Zote nne marehemu alizipasi.

Leseni ilitolewa tarehe 24 Machi 1959, na marehemu akakodi chumba kimoja karibu na soko. Mteja wake wa kwanza, Bi Khamisa mwenye duka la nguo, alimuuliza bila kuzunguka, "Waithaka, benki wataikubali sahihi ya Mwafrika?" Akamjibu, "Twende tukawaulize." Wakaenda, akiwa anapumzika kila baada ya maduka mawili. Karani wa benki aliigeuza karatasi, akaenda kumwita mkubwa wake, mkubwa akaja, akasoma, akaipokea. Bi Khamisa anasema marehemu hakutabasamu hata kidogo, aliuliza tu kama kuna kiti.

Alifanya kazi kwa jina lake mwenyewe miezi isiyofika minne. Tarehe 20 Julai alilazwa tena, na Jumapili tarehe 9 Agosti 1959, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Ameacha mjane, watoto watatu, mama mzazi, na sisi watoto wa dada yake ambao tulifundishwa naye kwamba mtihani ni kitu cha kurudiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, ambao walimpigania na pia wakavumilia kusahihishwa hesabu za dawa, majirani waliolala kwetu na waliotuletea kuni na maziwa, Bi Khamisa kwa sanda na viti, Bwana Menezes kwa miaka saba na sahihi moja, na makarani wote wa Nakuru, ambao tunaambiwa kwamba wawili wao tayari wameiandikia London. Hiram, mwana wa Ndung'u, pumzika kwa amani, ulichotumwa umekifikisha.

Desturi ingetaka tuishie hapo. Lakini marehemu aliacha neno kwamba historia yake isifungwe bila jambo moja, na mhusika, Mwalimu Kinyanjui, ambaye yuko nasi, ameombwa ruhusa na ameitoa, kwa sharti kwamba maneno yake yasomwe yalivyotoka, yasipambwe.

Jumapili tarehe 2 Agosti, mchana, Mwalimu alifika wodini na akina mama wa kanisa kumjulia hali mgonjwa. Baada ya salamu, Hiram akasema, "Mwalimu, watu wanasema nilisinzia."

"Watu husema mengi, mwanangu."

"Walisikia kwa nani?"

Mwalimu akatazama dirishani. Akasema ya zamani Mungu ameshayasamehe.

"Mungu ndiye aliyeyasamehe," Mama Ndung'u akasema. "Huyu hajaombwa."

Mwalimu akawageukia wale akina mama, akasema tufumbe macho tumwombee mgonjwa. Hakuna aliyefumba. Alisimama pale kofia mkononi, na Hiram akawa anamngoja tu, bila hasira, kama anavyongoja mtu ambaye amekwisha kufanya kazi yake yote na sasa ni zamu ya mwingine. Kisha Mwalimu akasema, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni:

"Hakusinzia. Niliomba ndani ya muda wake, karibu nusu saa, nikajua, na nikaandika kwamba nimempa wote. Aliposhindwa niliogopa kuulizwa, na mimi ndiye niliyesema alisinzia. Ni mimi."