Mwalimu Absalom Tsofa, Aliyeshusha Sauti

Ijumaa hii, tarehe 9 Desemba 1949, Mwalimu Absalom Tsofa anastaafu baada ya kufundisha katika shule yetu ya misheni hapa Kisauni kwa miaka ishirini na saba. Aliingia akiwa kijana mwembamba wa Kiembeni, na anatoka mtu mzima mwenye kitambi cha heshima. Mimi Mwarandu nimekuwa jirani yake wa darasa miaka mingi, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo nilipopewa kazi ya kumwelezea sikuhangaika pa kuanzia. Naanza na sauti.

Lo, sauti ile! Mwalimu Tsofa akifundisha hesabu za kuzidisha, darasa langu ndilo lililomjibu. Akimwita mtoto uwanjani, kina mama wa Mtopanga waligeuka kuangalia nani kaitwa. Kwenye kwaya aliwekwa nyuma kabisa, karibu na mlango, na bado akawafunika wenzake. Kwa sauti hiyo alinyoosha gwaride, akaifundisha timu ya kandanda ikatuletea kikombe mwaka wa 1938, na wengi walioko leo bandarini na relini husema elimu yao iliwaingia kwa masikio.

Mwaka huu ulipoanza, Halmashauri ya shule ilikubali jambo tusilowahi kuwa nalo: darasa la watoto waliotushinda. Wamo wasioweza kukaa chini, wamo wasiosema, na wamo wanaojua mambo chungu nzima ila si yale tunayowauliza. Mitaani waliitwa mazuzu. Halmashauri ilitoa mwaka mmoja wa majaribio. Siku ya Wazazi ikifika bila matunda ya kuonekana, darasa lifungwe na watoto warudi makwao. Akachaguliwa Tsofa, kwa hoja kwamba sauti yake itawanyoosha.

Mmoja wa watoto hao ni Nyamvula, binti wa Jefwa, kuli wa Kilindini. Mama yake, Nyevu, huuza mihogo ya kukaanga Ziwa la Ng'ombe. Alimleta mwenyewe, akatueleza bila kuficha: shule ikimkataa huyu, atarudi kufungiwa chumbani kama zamani, maana hana wa kumwachia akienda kuuza. Kilichomuuma zaidi ni kusemwa na majirani kwamba hakumfunza mwanawe adabu. Kwetu mtoto wa kike akiitwa huitikia abee, hata awe mdogo vipi. Nyamvula alikuwa na miaka tisa na hajamwitikia mtu.

Asubuhi ya kwanza Tsofa aliita majina kwa ngurumo yake ya kawaida. Nyamvula akaziba masikio, akaingia chini ya meza, asitoke mpaka wenzake walipokwenda zao. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mwenzetu akaja ananong'ona.

Tulidhani anaumwa. Mwalimu Philister Achieng, anayefundisha wasichana kushona, alimletea chai ya tangawizi wiki nzima, naye akainywa yote bila kusema kuwa hana mafua. Haikuwa kazi rahisi, jamani. Sauti ikimpanda aliweka ngumi mdomoni, na watoto wakaiga, hata ukipita dirishani ulikuta darasa zima lina ngumi midomoni. Kengele aliipiga marufuku mlangoni pake, akawa anapunga kitambaa cheupe wakati wa kutoka. Mramba, ambaye kwake kukaa ni adhabu, akaruhusiwa kujifunza hesabu akitembea, na leo anajumlisha kuliko baadhi ya watoto wangu waliokaa kitako mwaka mzima. Mwezi wa Julai Tsofa aliingia chumba cha walimu macho yamemlowa, akatuambia Nyamvula ameitikia. Nyevu alipopelekewa habari hakuamini. Alisema walimu ni watu wa kufariji.

Ikafika Siku ya Wazazi. Mwenyekiti wa Halmashauri, Mzee Randu, alisimama akaliita jina la Nyamvula kwa sauti ya mkutano. Mtoto huyo, chini ya meza! Minong'ono ikaanza, mtu mmoja nyuma akacheka, na Nyevu akajifunika uso kwa leso. Nilijisemea, basi, darasa limekwisha.

Tsofa alikuwa amevaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Akapiga magoti sakafuni, akajikunja na kitambi chake, akaingia chini ya meza, tukabaki tunaona soli za viatu. Akamwita, taratibu. Ukumbi ulinyamaza, na kutoka kule chini sote tukasikia: "Abee, mwalimu."

Mzee Randu akaweka bakora yake kando, naye akainama akaingia. Kitabu kikapitishwa. Nyamvula akasoma ukurasa mzima, na wazazi wa nyuma wakanyata kuja mbele ili wamsikie. Nyevu alilia waziwazi, wala hakujifunika tena. Mzee Randu alipoinuliwa, na ilibidi ashikwe na watu wawili, alijipangusa magoti akasema darasa halifungwi, na anayetaka kulifunga aingie kwanza chini ya meza ile.

Si kwamba yote yamenyooka. Nyamvula bado haiwezi kengele, na Mramba juzi alihesabu hatua zake hadi Bamburi, tukaenda kumtafuta. Januari darasa litashikwa na Mwalimu Philister, ambaye sauti yake ni ndogo tangu kuzaliwa, kwa hiyo ngumi zitapumzika.

Kwa wote mtakaohudhuria Ijumaa: zawadi ya Mwalimu Tsofa itatolewa na Nyamvula mwenyewe. Tafadhali msipige makofi, wala vigelegele. Njooni na vitambaa vyeupe, tupunge.

Mwalimu Tsofa, asante sana. Umetufunza kunyamaza, sisi watu wa maneno mengi. Mungu akujalie afya na pumziko jema huko Kiembeni, na mihogo yako izae. Nyevu naye amenituma salamu. Anasema siku hizi humwita mwanawe hata asipokuwa na la kumtuma, apate tu kuitikiwa.