Živojin Vukmirica, Aliyezima Mashine Penye Ukuta wa Warumi

Marehemu Živojin Vukmirica, ambaye wengi wetu tulimwita Baba Žika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kijiji cha Laćarak, mtoto wa tatu wa Mzee Sreten na Mama Ruža. Alisoma hapo hapo hadi darasa la nane. Walimu walimkumbuka kwa mwandiko mzuri na viatu vilivyojaa tope. Mwaka 1957 alijifunza kuendesha tingatinga katika mji wa jirani, Sremska Mitrovica. Tarehe 6 Oktoba 1963 alifunga ndoa na Desanka, fundi cherehani.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1971 alikuwa akichimba msingi wa maghorofa mjini humo, karibu na mto Sava. Katikati ya udongo wa manjano ukatokea mkanda mweusi, umenyooka, umechanganyika na chembe za chokaa. Akasimama.

"Žika, umelala? Chimba!" msimamizi alimpigia kelele.

"Shuka uone, bosi. Hapa pana kazi ya mikono ya watu."

"Udongo ni udongo. Ukizima hiyo mashine, kesho usije."

Akaizima, akaenda kwa miguu hadi makumbusho kutoa taarifa. Adhuhuri alifika nyumbani hana kazi, na Desanka ana mimba ya miezi saba.

"Umefukuzwa kwa ajili ya mawe?"

"Hata mawe hayapo, Desa. Ni alama tu."

Desanka alicheka, kisha akalia kweli.

Wataalamu walithibitisha: ukuta wa mji wa Warumi ulisimama pale, na mbele yake handaki la kuzuia maadui. Mawe wenyeji walikwisha kuyabeba zamani, wakajengea nyumba zao; ule mkanda mweusi ndio alama iliyobaki. Ujenzi wa maghorofa ulisogezwa pembeni. Wiki tano baadaye makumbusho yalimwajiri, akafanya kazi ya kufukua mabaki ya kale kwa mwiko na brashi miaka ishirini na saba.

Jumapili zile! Alitembea pale na mabinti zake, mifuko imejaa mbegu za maboga.

"Baba, ukuta wenyewe uko wapi?"

"Umeukanyaga, mwanangu. Sogea kidogo."

Februari 2017 kiharusi kilimpooza mkono wa kulia. Hakulalamika, ila kwamba Desanka alimnyoa vibaya. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 11 Novemba 2018, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mjane, Desanka. Mabinti, Jasna na Bosiljka. Wajukuu wanne, kitukuu mmoja, na dada yake Vida, ambaye bado anamwita "mdogo wangu".

Mungu aipokee roho yake, na pumziko lake liwe la amani.