Namba ya Baba

Kwenye treni ya asubuhi niliketi mkabala na mama mmoja, fundi cherehani, aliyepakata kitabu cha hadithi cha watoto. Mwalimu mstaafu aliyekaa kando yake alikitambua. "Wanafunzi wangu walikipenda. Majambazi wanaiba simu ya jini, na mtoto anawasaka."

"Simu hiyo inawapata waliopotea," alisema mama. "Binti yangu ana miaka tisa. Alipomaliza kukisoma, akaanza kuipigia namba ya marehemu baba yake. Kumbe kampuni ya simu ilishampa mtu mwingine namba hiyo."

"Huyo mtu akasemaje?"

"Akasema, 'Ndiyo mwanangu, ni mimi.' Wiki tatu wanazungumza. Jana kamuuliza tunakaa wapi, na mimi narudi kazini saa ngapi. Nakwenda polisi, na kitabu nawapelekea wakione."

Nilijitia kutazama dirishani, masikio yote yakiwa kwao.

"Pole sana, mama," alisema mwalimu. "Lakini usikitwike kitabu mzigo wote. Watoto wanajua majini ya vitabuni yanabaki vitabuni. Mwanao alijua baba yake amefariki?"

"Tulimwambia amesafiri. Alikuwa mdogo."

"Basi alikuwa anampigia msafiri."

"Najua. Sasa jioni nimwambie yule si baba yake, na baba mwenyewe hayupo? Misiba miwili kwa siku moja, mwalimu?"

Treni ilisimama. Mama alishuka, nikamwona akimuuliza mlinzi njia ya kituo cha polisi.