Mkono Ulioshika Mlango

Bajaji ya kwenda Bhosari ilikuwa imeshaondoka Chakan, mji wa viwanda huko India, kijana mmoja alipoirukia, akabanana katikati yetu, mimi na mama mwenye sare ya kiwanda cha magari. Jina kifuani: Sulabha. Kijana akamwonyesha simu.

"Dada, gari hili jipya ambalo bado halijazinduliwa, si mnatengeneza nyie? Mwenzenu kanitumia picha leo, nikaiweka mtandaoni. Mashabiki wangu wamepagawa."

Sulabha aliitazama, akakunja mkono wa sare. Nukta za kijani alizochorwa mkononi kwa sindano utotoni ndizo zilizokuwa pia kwenye mkono ulioshika mlango wa gari pichani.

"Sikupiga mimi, ila nitafukuzwa mimi. Nani kakutumia?"

"Hilo sisemi. Halafu nani ataangalia mkono? Watu wanaangalia taa."

"Watu wako wanaangalia taa. Mabosi wangu wanaangalia mikono. Ifute."

"Sijawahi kusifiwa hivi, dada."

"Zile sifa zitawalisha wanangu?"

Kijana akafungua ukurasa wake. "Haya, hutashuka kabla sijaifuta. Lakini mashabiki nao wana haki ya kujua."

"Wasubiri dukani kama wengine."

Walibishana hadi Bhosari, nami na shahada yangu ya chuo kikuu sikuulizwa kitu. Bajaji iliposimama, kijana bado alikuwa akizitetea haki za mashabiki, huku kidole chake kikiifuta picha, na sifa zote zikaondoka nayo.