Mama Gonga Tena Anavua Ovaroli

Tarehe 30 Juni, mkaguzi wetu mkuu wa meli anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye mafaili. Sisi tunamwita Mama Gonga Tena, kwa kuwa hajawahi kuligonga bamba la chuma kwa nyundo mara moja akaridhika.

Alianza akiwa mwanamke pekee chelezoni, pale meli zinapotolewa majini zikaguliwe. Mafundi walimpa ovaroli ya kutosha watu wawili, wakakaa mkao wa kumcheka. Akakunja mikono, akajipenyeza kwenye tangi ambalo vitambi vyao viliwakatalia, akatoka mweusi kama chungu, mkononi ana orodha ya kasoro kumi na saba. Wiki iliyofuata alishonewa ovaroli ya kipimo chake.

Miaka kumi na miwili iliyopita ilikuja meli ya mizigo kwa ukaguzi mkubwa wa kila miaka mitano. Fundi mkuu wa injini wa meli hiyo alikuwa mdogo wake Mama, tumbo moja, naye alikuwa amefikia nyumbani kwa dada yake. Rangi ya meli iling'aa, lakini kando ya chumba cha injini mlio wa nyundo haukumpendeza Mama. Akaagiza bamba likatwe, na safari ikaahirishwa.

Mdogo wake ndiye aliyewahakikishia wenye meli kwamba sehemu ile ni nzima. Akaona dada yake anamvunjia heshima mbele ya mabaharia. Akafungasha virago, akahamia hotelini. Mama hakumbembeleza wala hakubadili ripoti. Ila kila mchana alimpelekea chakula langoni mwa hoteli, na kila jioni hotipoti ilirudi haijafunguliwa.

Siku ya nne bamba likakatwa. Kwa ndani kutu ilikuwa imelila hadi likabaki jembamba kama kopo. Mdogo wake alilishika kwa muda mrefu, kisha akaja ofisini. Sote tulijitia kusoma makaratasi.

"Dada, hapo ndipo ninapokaa zamu," akasema.

"Najua," Mama akamjibu. "Kaa ule."

Baadaye Mama alituambia kwamba siku aliposaini ile ripoti, aliweka kalamu chini mara mbili.

Amefundisha wakaguzi kumi na wanne, nami ni mmoja wao. Alitugombeza kwa haki, na tulipokosea alitutetea kwa wakubwa kabla ya kutusuta faraghani. Akisafiri wiki moja, ofisi nzima hupoteza funguo.

Mama, asante. Wapo mabaharia wengi waliorudi salama kwa watoto wao bila kujua kwamba kuna mtu wa kumshukuru. Leo tunakushukuru kwa niaba yao. Magoti yako yametambaa vya kutosha, sasa yapumzike. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na siku nyingi za furaha. Nenda salama, mama yetu.