Mguu Niponye, Mpigapicha Aliyerudi Siku ya Kumi na Tisa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka mpigapicha aliyeijua nyika kuliko alivyoijua sebule yake. Wateja walimwita Mguu Niponye. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na minane. Alifariki nyumbani, kitandani kwake. Mkewe ameniomba niliseme hilo waziwazi.

Nilimkuta mama huyo studioni kwao, chumba chembamba chenye pazia jeupe na kigoda cha wateja wa pasipoti. "Pasipoti ndizo zilizotulisha," aliniambia. "Lakini moyo wake ulikuwa porini. Nikimwona anapaka viatu mafuta, najua basi, nimekuwa mjane wa muda."

Alitembea peke yake, siku kumi, siku kumi na tano, begi mgongoni, ili tu aone jua linavyogusa jabali fulani asubuhi.

Sasa sikilizeni. Akiwa na miaka hamsini na miwili, aliaga kwamba atarudi baada ya siku kumi na mbili. Siku ya kumi na mbili ikapita. Ya kumi na tano nayo ikapita. Watafutaji wakazunguka upande usio wake, maana hakumwambia mtu anapita wapi. Siku ya kumi na nane, mdogo wake akaanza kupanga viti vya msiba uani. Mkewe akavikunja kimoja kimoja.

"Shemeji," akamwambia, "mume wangu si marehemu. Ni mchelewaji."

Kisha akajifungia chumba cha kusafishia picha, akalia asionekane.

Kumbe mumewe alikuwa amevunjika kifundo cha mguu korongoni. Kamera nzito, maji mazito. Asingeweza kubeba vyote. Akaiacha kamera chini ya jiwe, pamoja na filamu za siku kumi. Akachukua maji. Stendi ya kamera akaigeuza mkongojo. Akajikokota siku nane, kidimbwi hadi kidimbwi, mpaka dereva wa lori la mbao akamwokota barabarani.

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, lori likasimama mbele ya studio. Binti yao alikuwepo.

"Baba alikonda kama ufito," anakumbuka. "Mama akamtazama juu mpaka chini. Akauliza, 'Na picha je?' Baba akajibu, 'Nimeziacha, mke wangu. Nimejileta mwenyewe.' Mama akakaa palepale sakafuni, akacheka mpaka baba mdogo akadhani amerukwa na akili."

Alitembea miaka ishirini zaidi. Lakini hakuondoka tena bila kuchora njia yake kwenye karatasi na kumwachia mkewe. Na siku aliyotaja, ndiyo aliyorudi.

Jumanne alikunywa chai, akasema anajinyoosha kidogo, mkewe akaketi kando yake. Hakuamka.

"Watu wanashangaa silii sana," mama aliniambia. "Nalia, mwanangu. Ila miaka yote niliogopa kuletewa kofia yake tu kutoka porini. Amekwenda nimemshika mkono. Moyo umetua."

Kwa binti, kwa mdogo wa marehemu, kwa jamaa wote, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani anayehesabu siku tukiwa mbali, na tumemwachia nini cha kumtuliza?

Mzee wetu, pumzika. Nawe mama, lala sasa.